Winchi bila beleshi

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya ndugu zetu wanaofunga safari za porini kwa Landrova zao.

Gari hupambwa winchi mbele na hema juu ya keria, lakini beleshi hakuna! Machi 2019 nilinasa na familia moja katika mbuga ya Wembere. Winchi tulikuwa nayo, ila mti wa kuifunga haukuwepo. Wajuzi huzika tairi la akiba likawa ndio mti, lakini shimo tungechimba kwa kitu gani? Jeki nayo ilizama topeni, kwani mwenye gari alikataa kubeba ubao, eti si kifaa. Tulikaa siku mbili kwa lita kumi za maji, watu watano, mmoja wao mtoto mchanga. Wafugaji ndio waliotutoa, kwa majembe.

Kwa hiyo fedha zianzie kwenye beleshi, ubao wa jeki, matairi mawili ya akiba na pampu, maana mchangani tairi hupunguzwa upepo, kisha lazima lijazwe tena. Maji yawe lita tano kwa mtu kwa siku. Winchi na inunuliwe baadaye, kama kuna chenji.

Dereva wa Zamani,
Singida.