Acheni Kusema Wenyeji Ni Wakarimu

Kuna sentensi moja ningependa tuiweke kando, hata kama ni kwa mwaka mmoja tu tupumzike. Unaijua. Iko chini ya kila picha ya mtu aliyesafiri peke yake: "Wenyeji ni wakarimu sana." Wa Kigali wakarimu, wa Zanzibar wakarimu, wa Istanbul wakarimu, wa Addis Ababa ndio usiseme. Ukifuata Wakenya wanaozunguka dunia na begi moja mgongoni, utadhani kila mji umejaa watu wanaoamka asubuhi kungojea Mkenya apotee njia ili wamwelekeze.

Na mimi niliiandika. Ndiyo maana nina hasira nayo.

Agosti 2023 nilienda Addis peke yangu, siku 9. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, ndege ni kama saa mbili hivi, na nilikuwa nimeachana na mtu. Sababu tosha. Nilitaka mji ambao hakuna anayenijua, nitembee, nile, nilie kidogo kama itabidi, nirudi.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni jinsi nilivyojisikia nyumbani kwa upande wa saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi kwa Kiswahili: jua likichomoza siku imeanza, saa moja asubuhi ni saa moja. Pale nilipolala kulikuwa na Wazungu wawili walioambiwa kwa Kiingereza gari lao linaondoka saa mbili. Walijitokeza mchana. Lilikuwa limeenda zamani. Mimi nikiambiwa saa mbili, nafika saa mbili, najiona mtoto wa boma. Kalenda ndiyo ilinikumbusha nimetoka wapi: mwaka wao una miezi 13, na wakati ule kwao ilikuwa bado 2015.

Siku ya pili mvua ilinipata Arat Kilo. Agosti Addis inanyesha kama imetumwa. Matatu yao, zile nyeupe na buluu, ilikuwa imeniacha mahali sipajui, konda amenitoza nauli ambayo baadaye nilijua ni mara tatu ya ile ya kawaida (huyo sikumwandika kwenye posti, bila shaka), simu imezima, na ule mwinuko unakufanya uheme kama mzee hata ukipanda ngazi tatu. Nikasimama chini ya mabati ya kibanda cha kahawa. Mama mwenye kibanda akanitazama, akasema "ayzosh", akanivuta ndani kwa mkono.

Binti yake, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyenitafsiria kwa Kiingereza. Ayzosh ni neno wanalomwambia mwanamke. Ni pole, na ni jikaze, na ni usiogope niko hapa, yote kwa mpigo. Mama akatandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa mbele yangu, akaitwanga, akaichemsha kwenye birika jeusi la udongo. Kikombe cha kwanza kinaitwa abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Baraka! Nilicheka, nikawaambia hilo neno ni letu. Binti akasema hapana, ni lao. Tukakubaliana ni la wote.

Siku hiyo nililipa. Siku 6 zilizofuata nilirudi kila siku, na kila siku nikatoa pesa, na kila siku mama akaurudisha mkono wangu mfukoni kama mtu anayefunga mlango. Vikombe vitatu mara siku 6 ni vikombe 18. Nimevihesabu baadaye sana. Wakati ule sikuhesabu chochote. Nilikuwa nanywa tu.

Tena si kahawa peke yake. Mchana alikuwa ananiwekea injera na shiro, na mara moja alinilisha tonge kwa mkono wake, gursha wanaiita, tonge kubwa hadi machozi yakanitoka. Kuna kitu sikukijua hadi siku ya mwisho, na binti hakunieleza, nilisikia kwa mtu mwingine. Ulikuwa wakati wa Filseta, mfungo wa Waorthodoksi. Wengi wanaoushika vizuri hawaonji kitu hadi alasiri. Mama alikuwa ananipikia na kunilisha saa sita mchana, yeye mwenyewe tangu asubuhi hajatia hata maji kinywani.

Mimi nikapiga video. Sekunde 11, kahawa inamiminwa kutoka juu, moshi wa ubani nyuma, mkono wake una chale za msalaba. Nikaandika: watu wa Addis ni wakarimu ajabu, moyo wangu umepona. Ikapendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Sasa niulizeni ni nini hakikuwa ndani ya sekunde hizo 11.

Tarehe 4 Agosti mwaka huo serikali ya Ethiopia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya mapigano katika jimbo la Amhara. Intaneti ya simu ilikatwa huko. Ndege za kwenda Gondar na Lalibela zilisitishwa. Haya mimi niliyajua kwa njia moja tu: nilikuwa nimepanga kwenda Lalibela kuona yale makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, na safari ikafutwa, na nikanuna. Nilikaa kwa yule mama nimenuna kuhusu makanisa, naye akaniambia ayzosh. Dada yake wa kuzaliwa alikuwa Gondar. Simu haikuwa ikishika. Kila baada ya muda alikuwa anaichukua, anapiga, anasikiliza, anaiweka chini, halafu ananiongeza kahawa.

Hicho ndicho kitu "mwenyeji mkarimu" hukuruhusu usikione. Ukishamwita mkarimu, umemaliza kumjua. Hana dada, hana deni, hana njaa. Amekuwa sehemu ya mji, kama hali ya hewa nzuri. Na hali ya hewa huwa hatuilipi.

Sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, manze, kwa sababu sisi ni wenyeji wakarimu wa watu wengine tangu zamani. Tuna wimbo mzima wa kazi hiyo. Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya miaka ya 1980 imeimbiwa watalii hadi waimbaji wenyewe wa hotelini wanaiimba huku wakifikiria kodi ya nyumba. Binamu yangu alihudumu kwenye hoteli moja Diani miaka mitatu. Kulikuwa na kikao cha kutabasamu. Si utani, meneja alikuwa anawapanga mstari asubuhi anaangalia meno. Binamu ananiambia siku aliyopigiwa kuwa baba yake amelazwa, alihudumia meza 14 na hakuna mgeni aliyejua, na mmoja akaandika kwenye karatasi ya maoni kwamba Wakenya ni watu wenye furaha sana hata kama hawana kitu. Tukisoma maneno kama hayo tunawaka, tunawachambua Wazungu mtandaoni wiki nzima. Halafu tunapanda ndege kwenda kwa jirani tunaandika yale yale, ila kwa Sheng.

Najua mtasema yule mama wa Arat Kilo hakuwa kazini kunitabasamia. Ni kweli. Alinipa kwa hiari, na ndiyo maana kesi yangu ni mbaya zaidi ya ile ya Diani. Mgeni wa Diani angalau alilipa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hucheka wakiisikia, wanadhani ni ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona ni ya haki kuliko zote tulizonazo kuhusu ugeni. Inasema kuna siku ukarimu unakuwa wa pande mbili, la sivyo ni unyonyaji wenye adabu. Siku yangu ya tatu ilifika nikapewa kahawa. Ya saba, kahawa. Jembe lilikuja mwishoni kabisa, na lilikuwa dogo.

Siku ya kuondoka, binti aliniambia binamu yake, mtoto wa yule shangazi wa Gondar, ana mpango wa kuja Nairobi. Anaweza kumpa namba yangu? Nikasema aa, bila shaka, hata usiulize, Nairobi ni kwenu. Nairobi tuna hadi barabara ya Haile Selassie! Nikawakumbatia wote wawili. Mama akanipa kahawa kilo moja, mbichi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili.

Nairobi ni kwenu. Hebu tuliangalie hilo neno kwa dakika moja.

Mwethiopia akifika kwetu bila begi la mgongoni na bila tiketi ya kurudi, anafika kwenye habari za saa moja. Polisi wamevamia nyumba, wamekuta vijana 30 au 40 wamejazana kwenye vyumba viwili, wanadaiwa kuwa njiani kwenda Afrika Kusini, hawajui Kiingereza wala Kiswahili, kesi imeahirishwa hadi mkalimani apatikane. Kamera inapita nyuso zao wakiwa wamekaa chini sakafuni. Hakuna anayeuliza wametoka wapi na kwa nini. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, serikali ilikusanya maelfu ya watu kutoka Eastleigh, wengi wao Wasomali, wengi wakapelekwa kuchujwa katika uwanja wa Kasarani. Uwanja wa mpira. Sisi wengine tulikuwa mtandaoni tunabishana kama wanastahili. Na hata siku za kawaida, muulize mkimbizi yeyote wa Eastleigh, Muoromo au Msomali, makarao wa mtaani humwitaje. Humwita ATM.

Huo ndio mji uliompeleka mtalii wake Addis akaandike kuhusu ukarimu.

Mwezi wa Oktoba, saa tano usiku, namba nisiyoijua ilinipigia mara nne. Sikuipokea, huwa sipokei namba nisizozijua. Kisha ujumbe ukaingia, kutoka kwa yule binti. Binamu yake amekamatwa, yuko kwenye kituo cha polisi cha mtaa mmoja ambao mimi naweza kuufika kwa bodaboda kwa dakika 20. Hana pasipoti. Wanamwongelesha kwa Kiswahili haelewi. Hakuomba pesa. Aliomba niongee nao tu, niwaambie ni nani, niwaulize wanataka nini. Mwisho akaandika: samahani dada, ni usiku.

Nilikaa na hiyo simu mkononi. Nikafikiria: wakinishika na mimi waseme ni mlanguzi? Nikafikiria kikao cha kesho saa mbili. Nikafikiria kwamba simjui huyu kijana, nilimjua mama, na mama hakuniambia wazi kwamba kijana atakuja bila makaratasi. Zote ni sababu za maana, nawaambia, ukiziandika kwenye karatasi zinasimama vizuri. Nikazima data, nikalala. Asubuhi nikasema nitajibu baada ya kikao. Nilijibu baada ya siku mbili. "Woi, pole sana, nimeona sasa hivi, bado yuko hapo?" Ile namba iliyonipigia ilikuwa imezimwa.

Kuna mtu atasoma hapa aseme, kwa hivyo tusisafiri? Safirini. Kwani nani amewakataza? Nendeni Addis, kahawa ni tamu kama wanavyosema na zaidi. Ninachokataa ni hii hesabu ya uongo ambapo kila anachonipa mwenyeji kinaandikwa kama sifa ya mji wake na hakuna kinachoandikwa kama deni langu. Wacheni pia hii kiburi ya "nilisafiri peke yangu". Nilivutwa mvuani, nikalishwa, nikatafsiriwa, nikasindikizwa hadi kituo cha matatu na binti wa watu kila jioni. Peke yangu wapi?

Na msiniambie mtu mmoja hawezi kubadilisha polisi wa Nairobi. Hilo sikuombwa. Niliombwa niongee Kiswahili, lugha ambayo naandikia hapa, kwa dakika kumi.

Septemba iliyofuata, siku ya mwaka wao mpya, yule binti alinitumia picha ya maua ya njano yanayochanua Ethiopia msimu huo. Tulikuwa hatujaandikiana kwa miezi. Akanieleza kwamba binamu yake alikaa rumande wiki kadhaa, akarudishwa kupitia Moyale, sasa yuko Addis anasaidia kwenye kibanda. Mama yake wa Gondar ni mzima. Halafu akaandika kwamba mama wa kahawa anauliza nitarudi lini, na kwamba anaomba radhi kwa kunisumbua usiku ule, hawakujua nina kazi asubuhi. Ayzosh, amesema.

Kahawa aliyonipa bado iko kabatini, mbichi, kwenye mfuko wake. Ujumbe una alama mbili za buluu. Sijajibu.