Mashine Isaidie, Masikio Yaamue



Siku hizi huku mitaani kuna ubishi mkubwa. Vijana wanatengeneza muziki wa trapu kwa simu na kompyuta, kisha wanaupeleka kwa akili mnemba iumalizie. Wazee wanasema huo ni uvivu. Hata katika mjadala wa chama chetu wapo waliosema eti ni wizi wa mchana. Mimi sikubaliani nao. Lakini pia sikubaliani na wale wanaodhani mashine inajua kila kitu.

Kwanza tuelewane. Sauti na ala zikishachanganywa, kuna hatua ya mwisho ambayo maprodyuza huiita mastaringi. Hapo ndipo besi husawazishwa na sauti nyembamba, na wimbo mzima hupandishwa nguvu ili usikike vizuri redioni, kwa simu na ndani ya matatu. Zamani kazi hii ilikuwa ya fundi mwenye mitambo ya bei ghali. Mwaka 2014 kampuni ya LANDR ya Montreal, Kanada, ilianza kuifanya kwa intaneti. Programu husikiliza wimbo wako, huulinganisha na yale iliyojifunza kutoka kwa nyimbo nyingi, halafu huurekebisha yenyewe kwa dakika chache. BandLab nayo inafanya hivyo bure, hata kwa simu.

Sasa, ni nani atakayemlaumu kijana wa Mukuru kwa kuitumia? Mzazi wake ni kibarua kiwandani, analipwa kwa siku. Pesa za studio atatoa wapi? Asiye na mwana aeleke jiwe. Isitoshe, mashine si ngeni katika muziki. Trapu yenyewe, iliyozaliwa Atlanta, Marekani, husimama juu ya mlio wa ngoma ya Roland TR-808, mashine iliyotengenezwa Japani kuanzia 1980 hadi 1983. Na Eastlands yetu haijawahi kungoja vyombo vya kifahari. Mwaka 2018 vijana wa kundi la Ethic kutoka Umoja walitoa "Lamba Lolo", na gengetone ikaenea nchi nzima. Maneno ya wimbo huo siyatetei, lakini bidii yao naitetea.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo wenzangu wanayasahau.

Mosi, mashine haitengenezi kilichoharibika. Kijana mmoja jirani yetu alirekodi mchana katika chumba cha mabati, huku nje mafundi wa jua kali wakikata vyuma. Alidhani akili mnemba itasafisha kila kitu. Lakini wapi! Wimbo uliporudi, kelele za vyuma zilikuwa zimezidi. Sababu ni kwamba kompresa hupunguza pengo kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa hivyo wimbo ukipandishwa nguvu, kelele ndogo nazo hupanda. Dawa yake haiko kwenye mastaringi. Ni kurekodi usiku viwanda vikitulia, na kutundika blanketi ukutani kupunguza mwangwi.

Pili, mashine haiwajui wasikilizaji wetu. Besi ya 808 ni nzito mno. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa, na wimbo hubaki kama umenyang'anywa miguu. Wimbo huohuo ukipigwa ndani ya matatu ya Jogoo Road, vioo vinatetemeka na maneno hayasikiki. Basi yafaa mtu ausikilize wimbo wake kwa simu, kwa redio ya nyumbani na kwa spika kubwa, kisha arudi akarekebishe mchanganyiko wake kabla ya kuupeleka tena. Kazi hiyo ni ya masikio yake mwenyewe.

Tatu, kelele si ubora. Wengi huchagua mtindo wenye nguvu kuliko yote wakidhani watawashinda wenzao. Kumbe Spotify kwa kawaida huzisawazisha nyimbo kwenye kiwango cha -14 LUFS, yaani kipimo cha nguvu ya sauti inavyosikika. Wimbo uliozidi hushushwa. Aliyeusukuma wake hadi ukakwaruza hupata hasara mara mbili: nguvu imeshushwa, na makwaruzo yamebaki palepale.

Kwa hivyo naomba jambo moja. Chumba chetu cha kompyuta hufungwa saa kumi jioni, na sisi wa shule ya kutwa tunaenda kuzurura. Tufunguliwe kila Ijumaa kwa saa moja tu, chini ya mwalimu. Walio na nyimbo wazilete, tuzisikilize pamoja kabla na baada ya mashine, kila mmoja aeleze kilichobadilika na kwa nini. Nasi wanachama wa Kiswahili tusahihishe mashairi yake, maana matusi hata yakifanyiwa mastaringi bado ni matusi. Mtaala mpya wa CBE una mkondo wa Sanaa na Michezo. Ikiwa wadogo zetu watasomea sanaa darasani, sisi tunyimwe hata saa moja kwa nini?

Walimu wetu, tukikatazwa tutajifunza vichochoroni, na huko hakuna wa kutusahihisha. Afadhali tujifunzie mbele ya macho yenu.

Nawasilisha. Chama chetu kidumu!

Mwanachama, Kidato cha Tatu