Ilula Nako Kunalalika: Majibu kwa Wanaotuchagulia Mitaa

Kila shule zinapofungwa, Juni na Desemba, ndugu wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma huuliza swali lilelile: tukija Iringa na watoto, tufikie mtaa gani? Majibu wanayopewa nayo ni yaleyale, na wengi wanaoyatoa hawajawahi kulala Iringa hata usiku mmoja. Fikia karibu na stendi. Fikia Gangilonga, kwingine hakufai. Ilula ni pa kununua nyanya tu. Gesti ya bei ya chini ndiyo akiba. Ushauri huu unawaharibia watu likizo waliyoichangia mwaka mzima, kwa hiyo naujibu hapa, dai moja baada ya jingine. Msimamo wangu niuseme mapema: mtaa wa kulala unachaguliwa kwa kuangalia asubuhi unaelekea wapi na jioni utakula wapi. Sifa ya mtaa ije baadaye.

"Fikia karibu na stendi, utapunguza usumbufu."

Ushauri huu ulikuwa na maana wakati stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa katikati ya mji. Ulishuka na begi lako, ukavuka barabara, ukawa umefika. Siku hizi stendi kuu iko Igumbilo, nje ya mji, kando ya barabara kuu, na mji wenyewe uko juu mlimani. Ukilala karibu na stendi leo umelala mbali na soko, mbali na makumbusho na mbali na chakula cha jioni, na kila ukitaka kupanda mjini unalipia bajaji au unasubiri daladala. Mwenye basi la alfajiri alale huko usiku wake wa mwisho, hilo nakubali. Usiku wa kwanza apande mjini.

"Gangilonga ndiyo mtaa wa wastaarabu, ndiyo wenye usalama."

Gangilonga ni mtaa mzuri, wala sitaki kuubishia uzuri wake. Una miti mikubwa, una nyumba zenye bustani, na juu yake lipo lile jiwe ambalo wazee wa Kihehe husimulia kwamba lilimwonya Mkwawa, chifu wao, adui alipokaribia. Panda pale saa kumi na moja jioni, mji wote unauona chini yako. Familia yenye gari na mtoto mchanga, inayotaka utulivu, iende Gangilonga bila kusitasita.

Ninachokataa ni lile neno "ndiyo", kana kwamba kwingine ni hatari. Anayetaka kuuona mji kwa miguu ananufaika zaidi akifikia Miyomboni, Kitanzini au Mshindo. Kutoka huko anatembea hadi soko kuu, anapita Jamatkhana yenye mnara wa saa, anafika Makumbusho ya Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Hahitaji kupanda chochote. Jioni chakula kiko mlangoni.

Kuhusu usalama, watu wanachanganya utulivu na ulinzi. Mtaa unaweza kuwa kimya kwa sababu nyumba zote zina kuta ndefu na geti limefungwa, na saa mbili usiku ukiwa njiani huna wa kumwita. Mtaa wa sokoni una kelele, lakini muuza chipsi yupo hadi usiku, bodaboda wa kijiweni anaujua uso wako kuanzia siku ya pili, na taa za maduka zinawaka. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama mlinzi anakesha, tazama kitasa na komeo la mlango, kisha tembea hatua zako kutoka barabarani hadi mapokezi giza likishaingia. Hayo yatakueleza mengi kuliko jina la mtaa.

"Ilula ni pa kusimama dakika tano kununua nyanya."

Dai hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wanaopita Ilula mara nne kwa mwaka huku wakiiona kupitia dirisha la basi.

Ukitoka Dar unapita Mikumi, unapita Ruaha Mbuyuni penye joto, mibuyu na vitunguu, unafika Mahenge, kisha unaukwea Mlima Kitonga kona kwa kona, malori yakiwa mbele yako yakitambaa. Juu ya mlima hewa inabadilika, watoto wanaomba masweta, na muda si mrefu unaingia Ilula, katika Wilaya ya Kilolo. Kutoka hapo hadi Iringa mjini ni chini ya kilomita 50. Mwenye gari dogo aliyefika hapo jua linazama, amechoka na Kitonga, ana sababu gani ya kuendelea kukimbizana na malori gizani? Gesti zipo. Hospitali ya Kilutheri ya Ilula ipo, jambo ambalo mzazi mwenye watoto hulifikiria hata kama halisemi.

Halafu kuna asubuhi ya Ilula, ambayo mtu wa dirisha la basi haijui. Nenda panapopakiwa nyanya. Utakuta vijana wakipigilia misumari kwenye matenga ya mbao, wengine wakichambua: zilizoiva kabisa zinawekwa kando ziuzwe kwa ndoo pale barabarani, zile zinazoanza tu kugeuka rangi zinaingia kwenye matenga, maana zina safari ndefu ya kwenda Dar es Salaam na lazima zifike hazijalainika. Dalali anapita na daftari. Mkulima aliyeleta mzigo wake anabishana kuhusu tenga lililojazwa hadi likavimba juu, kwa sababu nundu ile ni nyanya zake ambazo hazilipwi. Mtoto wa mjini aliyezoea kuona nyanya nne kwenye fungu la gengeni atajifunza asubuhi ile kwamba kila moja ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Msalimie mama muuzaji kwa "kamwene" kwanza, bei baadaye, uone mazungumzo yatakavyobadilika.

Na historia iko jirani. Kati ya Ilula na mjini ndipo ilipo Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, naye akauawa hapohapo. Mnara wa kumbukumbu upo. Watu wanasafiri kutoka Ujerumani kuja kuuona, na sisi tunaupita tukiwa tumelala kwenye viti. Aliyelala Ilula anafika Lugalo asubuhi na mapema, jua halijawa kali, akiwa njiani kwenda mjini.

Nikiwa mkweli kwa Ilula lazima niseme na kasoro zake. Barabara kuu inaukata mji katikati, na malori ya Zambia na Kongo hayalali. Chumba kinachotazama barabara kitakunyima usingizi. Omba cha nyuma, na ukiambiwa kimejaa, nenda gesti nyingine iliyoingia ndani kidogo. Tena Ilula haimfai anayekwenda Hifadhi ya Ruaha. Hifadhi iko upande wa pili wa mji, karibu kilomita 130 kutoka Iringa, na barabara yake inapita upande wa Kalenga, kulipo makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Isimila nako, kwenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ni barabara ya Mbeya. Lugalo, Kalenga na Isimila ni pande tatu tofauti. Ndiyo maana nasisitiza: fungua ramani kabla ya kuuliza jina la mtaa.

"Chumba cha bei ya chini ndiyo akiba."

Chukua bei ya chumba, jumlisha bajaji za kwenda na kurudi kwa siku zote na chakula utakachofuata mbali, ndipo ulinganishe. Mara nyingi cha bei ya chini pembezoni kinakuwa ghali kuliko cha katikati. Jingine ni baridi. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku si wa mchezo. Fungua bomba la maji ya moto kwa mkono wako mwenyewe, usubiri maji yawe ya moto kweli, na uombe blanketi la pili kabla ya kulipa. Picha za kwenye simu hazina baridi wala hazina kelele za baa ya jirani.

"Kanuni hizi ni za Iringa tu, Mbeya lala Mwanjelwa."

Mwanjelwa ni mahali pa soko na pilikapilika, na mfanyabiashara atapapenda. Lakini mtalii wa ndani anayekwenda Ziwa Ngosi, Tukuyu au Matema ataiacha barabara kuu pale Uyole, upande wa mashariki wa jiji. Akilala huko anaukwepa msongamano wa asubuhi wa kulivuka jiji zima. Anayekwenda kuona kimondo cha Mbozi, anayepanda ndege Songwe au anayesubiri treni ya TAZARA Iyunga ana shughuli upande wa magharibi, basi alale upande huo. Kwa hiyo Mbeya pia swali la kwanza ni unaelekea wapi.

Kwa familia inayotoka Dar na ina usiku tatu, hukumu yangu ni hii: wa kwanza Ilula, chumba cha nyuma, asubuhi nyanya na Lugalo, mbili zinazobaki Miyomboni au Kitanzini, jioni moja mkiipeleka juu ya jiwe la Gangilonga. Wa Ruaha wakae mjini moja kwa moja. Na mkisimama Ilula wakati wa mvua, kama ninyi ni watu wazima na dereva wenu hanywi, ulizeni mtogwa, yaani ulanzi (pombe ya mianzi) mbichi uliogemwa asubuhi hiyo. Ukikaa hadi jioni unakuwa mkali.