Ndovu wa Tsavo si wa waridi

Ndovu wa Tsavo ni mwekundu kwa udongo anaojirushia mwilini. Mpiga picha wa mji wa Voi akichapa picha yake kwa printa ya nyumbani, mara nyingine ndovu hutoka rangi ya waridi, na lawama zote hutupiwa wino.

Wino hauna hatia. Kosa la kawaida ni rangi kurekebishwa mara mbili: programu ya picha inatumia profaili, yaani faili linaloeleza jinsi printa na karatasi fulani zinavyotoa rangi, kisha printa nayo inarekebisha tena. Marekebisho ya printa yazimwe. Karatasi nayo iwe ileile iliyotengenezewa profaili, maana inayong'aa hainywi wino kama isiyong'aa.

Kanuni za profaili zinasimamiwa na ICC (International Color Consortium), muungano wa kimataifa wa masuala ya rangi ulioundwa 1993. Muuza printa anapaswa kumweleza mteja mambo haya ya profaili na karatasi kabla hajalipa.

Picha ya majaribio ichapwe ndogo, ikauke, kisha itazamwe mlangoni mchana, si chini ya balbu ya manjano.