Umewahi kuvaa hicho unachouza?

Leo sijaja na mbinu ya kuongeza wafuasi. Nimekuja na hoja, na najua kuna watakaonuna, maana humu tumezoea kuambiana kwamba mtandaoni kinachouza ni picha. Mimi nasema kama hujawahi kukitumia mwenyewe hicho unachouza, hata siku moja, usikiposti. Ngoja nieleze nilivyofika hapo, ilinigharimu.

Nina duka dogo hapa Arusha, mavazi ya sherehe. Nguo za bethidei za watoto, vinyago, mabawa ya malaika, mambo ya mahafali. Niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kupoteza hela. Mwaka jana kaka mmoja akanifuata inboksi akitaka vazi la Mandalorian, yule mwindaji wa kwenye tamthilia ya The Mandalorian iliyoanza 2019, anayevaa kofia ya chuma muda wote na bamba za chuma kifuani, mabegani na mapajani. Alikuwa anakwenda Nairobi kwenye NAICCON, tamasha la vibonzo na michezo ya kompyuta ambako vijana huingia wamevaa kama wahusika wa filamu. Mchezo huo unaitwa kosplei. Neno lenyewe limetoka Japani miaka ya 1980, lakini kitu chenyewe ni cha zamani zaidi, nitakigusa mbele.

Mimi nikaona pesa. Nikatafuta muuzaji wa nje, picha zake kali, kijana kasimama kwenye moshi, taa ya bluu nyuma. Nikazichukua zile zile nikamtumia mteja. Akalipa 280,000. Baada ya mzigo na usafiri nikabaki na kama 60,000. Kifurushi kilipofika nikakifungua, nikahesabu vipande, nikafunga tena nikampa. Kofia sikuijaribu kichwani. Sikuona sababu, nimeuza vinyago mia na sijavaa hata kimoja.

Jumatatu yake akaja dukani mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo ndo liliniuma. Akaniambia kioo cha kofia kilijaa ukungu wa pumzi yake ndani ya dakika chache, akawa haoni ngazi, akajikwaa mbele ya watu. Bamba la kifua lilimkata shingoni. La tumbo lilikuwa limeunganishwa na la kiuno, kwa hiyo hakuweza kukaa. Amesafiri kutoka Arusha, kavuka Namanga, kafika Nairobi, na vazi la 280,000 kalibeba mkononi kama mfuko wa nyanya. Kisha akaniuliza: "Dada, wewe umewahi kuvaa hiki kitu?"

Nilitaka kumwambia ni makosa ya kiwanda. Nikashindwa. Nikamrudishia nusu, 140,000. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa wengine wangeishia hapo, "kosplei haina soko, rudi kwenye mabawa ya malaika." Mimi nikashikwa na hasira ya kutaka kujua. Nikasema nitalitengeneza hili vazi nyumbani, kuanzia sifuri, na nitalivaa mimi.

Vifaa havikuwa mbali hata kidogo. Wenzetu wa nje hutumia povu linaloitwa EVA, na mimi nilidhani ni kitu cha kuagiza. Kumbe ndo povu la soli za ndala nyingi tunazovaa, na ndo ile mikeka ya rangi rangi ya watoto kuchezea, inayoungana pembeni kama fumbo. Nikanunua mikeka miwili. Kadi za maboksi nikazipata bure duka la jirani, hizo ni za kujaribia maumbo kabla hujaharibu povu. Gundi ni ile ya mafundi viatu. Mzee mmoja fundi viatu nikampa shikamoo, nikakaa naye nusu saa akanionyesha: unapaka pande zote mbili, unaacha kama dakika 10 mpaka ukigusa hainati kidoleni, halafu ndo unaunganisha. Na unaunganisha mara moja tu. Ikishagusana imeshagusana. Vipande vyangu vitatu vya kwanza vilikwenda upande kwa sababu ya haraka.

Kupata saizi, mdogo wangu alinizungushia nailoni mwilini, juu yake akanipiga selotepu mpaka nikafanana na kifurushi cha kwenda mkoani. Akachora kwa maka mahali bamba linapoanza na linapoishia, akakata mgongoni nikatoka. Ukilaza lile ganda mezani unapata ramani ya mwili wako, unahamishia kwenye kadi, kisha kwenye povu. Hapo ndo nilijua kwa nini vazi la yule kaka lilimkata shingo. Yule wa kiwandani alikata bamba la mtu ambaye hayupo.

Povu halipindi lenyewe, linataka moto. Nilikwenda kwa fundi simu, ana ile mashine ya kupuliza hewa ya moto anayofungulia vioo, nikamlipa 3,000 nikaitumia jioni alipofunga. Ukilipasha povu ngozi yake inakaza na kuanza kung'aa, unalipinda juu ya goti au sufuria, unashikilia mpaka lipoe, linabaki hivyo. Ukizidisha linaungua. Kabla ya rangi unalipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji kidogo, mara tatu au nne, kila mara ikauke, la sivyo povu linakunywa rangi yote. Halafu nyeusi chini, ya fedha juu, na unaisugua ya fedha kwenye kingo tu kwa brashi kavu ili ionekane ni chuma kilichopigana vita. Mtu akiwa hatua mbili hawezi kujua ni mkeka wa mtoto.

Moja la kuangalia: usichukue lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV ukadhani ni ndugu yake. Rangi ya kupuliza inalila, gundi ya viatu inalila, unabaki na mashimo.

Na la pili, hili msilipite. Gundi hii nilianza kuipaka chumbani usiku, mlango nimefunga ili vumbi lisiingie. Kichwa kikaniuma, nikawa natapika. Mama alinitoa nje na ndoo yangu ya brashi, akasema akiniona tena na lile kopo ndani ya nyumba anafunga hilo duka yeye mwenyewe. Alikuwa sahihi. Mvuke wake ni sumu, na unashika moto haraka. Fanyia nje, mbali na jiko, mbali na watoto. Mafundi viatu hukaa barazani, mimi nilidhani ni kukosa fremu tu.

Kofia ilinichukua muda kuliko vyote vingine pamoja. Kioo nilitumia cheusi cha helmeti ya bodaboda, nikakikata umbo la herufi T. Nikavaa, nikajisikia mwamba, dakika tano sioni kitu. Ukungu ule ule. Yaani nilicheka peke yangu. Nikatoboa matundu chini ya mashavu, ukapungua lakini haukuisha. Mwishowe nikaenda tena kwa fundi simu, akanipa feni ndogo ya laptopu iliyokufa, ya volti 5, tukaiunganisha na waya wa pawabenki. Inavuma kama nyuki sikioni, ila naona. Hakuna picha ya duniani ambayo ingeniambia habari ya ukungu.

Jumapili moja nikalivaa lote kwa saa mbili. Nilikaa kwenye kiti, ndo nikajua bamba la tumbo lazima liachane na la kiuno, nikaviunga kwa lastiki. Nilipanda daladala, konda akataka nauli ya watu wawili, abiria wakanipiga picha. Nilikwenda chooni, na hapo samahani, lakini nilihitaji msaada wa mdogo wangu, kwa hiyo nyumbani nikabadilisha mikanda ya nyuma nikaweka klipu za begi la shule pembeni, unafungua mwenyewe. Kila rekebisho lilitoka kwenye aibu fulani.

Sasa mtu ataniambia hata filamu zenyewe mavazi yake hayavaliki, na atakuwa na haki. Kwenye Star Wars ya kwanza, ya 1977, kuna askari mweupe mmoja anagonga kichwa mlangoni, na kipande kile kilibaki. Toleo la DVD la 2004 wakamwongezea na mlio wa "ko!". Lakini yule anavaa kwa ajili ya kamera, wakimaliza anavua. Mteja wako anavaa kutwa nzima na ana hela yake humo ndani.

Na ukirudi mwanzo kabisa, mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1939 New York kulifanyika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi. Dada mmoja, Myrtle Douglas, alishona mavazi mawili ya watu wa miaka ijayo, moja lake na moja la mwenzake Forrest Ackerman, wakayavaa mkutanoni na mitaani. Mshonaji ndiye mvaaji. Mimi huyo ndiye nafuata.

Kwa kuwa hili ni pungu la wauzaji, niguse na sheria kidogo. Andrew Ainsworth, Mwingereza aliyetengeneza kofia za wale askari weupe kwa ajili ya filamu, baadaye alianza kuziuza mwenyewe kwenye intaneti. Kampuni ya Lucasfilm ikamshtaki. Mahakama ya Marekani 2006 ikamwamuru alipe dola milioni 20. Uingereza kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 2011 ikaamua kwamba kofia ile si sanamu kwa maana ya sheria yao ya hakimiliki, kwa hiyo kule anaweza kuendelea kuiuza. Kofia ile ile, nchi mbili, majibu mawili. Kujitengenezea uvae ni jambo moja, kuposti "nauza Mandalorian, jumla na rejareja" ni jambo jingine. Ndo maana sasa nachora askari wangu wa anga, mwenye alama zangu, na akipendwa ni wangu.

Najua swali linalokuja: "Dada, mimi nauza mawigi 40, nivae yote?" Sijasema yote. Chukua moja katika kila mzigo, livae siku nzima, pika nalo, lala nalo. Unauza blenda, saga karanga. Unauza viatu, tembea navyo mpaka stendi. Utasema mtaji hauruhusu kufungua mzigo. Mimi mtaji wangu uliruhusu 140,000 kurudi kwa mteja kwa siku moja, na wa kwako utaruhusu tu, hutaulizwa.

Sitawadanganya kwamba nimetajirika. Vifaa vilikula 74,000, na nilihesabu saa 46 za kazi, bila kuhesabu zile za kulala kichwa kikiuma. Nikiweka saa moja 3,000 tayari ni 138,000, kwa hiyo chini ya 212,000 nakula hasara, na bado sijaweka faida. Picha zangu za uani zina laiki chache kuliko zile za moshi na taa ya bluu. Ila meseji zimebadilika. Zamani niliulizwa "bei gani?" basi. Sasa watu wananiuliza "ukivaa unaona chini?" na nina jibu.

Yule kaka nilimtumia video nimekaa kwenye daladala na kofia kichwani. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika kwamba atakuja Jumamosi kupimwa kwa nailoni, ila hela atatoa akishakaa kwenye kiti. Nikamwambia sawa. Goti la kushoto bado linabana nikipanda ngazi, wiki hii nalipunguza povu kwa nyuma, ndo maana bei bado sijaiposti.