Nasaha ya Mwezi: Kanzu ya Idi



Majuzi chuoni mtoto mmoja alimwita mwenziwe kwa jina la dharau juu ya weusi wake, na wengine wakacheka. Nilipomwuliza amelipata wapi jina hilo, alijibu, "Nyumbani." Basi mwezi huu napenda tuwakumbuke washairi wa Kiarabu waliotukanwa hivyo, tuone walijibuje.

Kabla ya Uislamu alikuwako katika kabila la Abs kijana aitwaye Antara. Baba yake, Shaddad, alikuwa Mwarabu muungwana. Mama yake, Zabiba, alikuwa mjakazi wa Kihabashi. Kwa desturi ya zama zile, mtoto wa mjakazi alikuwa mtumwa mpaka baba yake amkiri. Yasimuliwa kuwa adui walipowavamia, Shaddad alimwamuru apigane, naye akajibu kuwa kazi ya mtumwa ni kukama ngamia, si vita. Hapo akaambiwa: pigana, nawe u huru. Kasida yake ikahesabiwa katika Muallaqat, kasida bora za Waarabu. Hata hivyo yeye na wenziwe, kama Khufaf na Sulayk, waliitwa "kunguru wa Waarabu" kwa sababu ya weusi wa mama zao.

Pengine utasema, ewe msomaji, hayo ni mambo ya ujahili. Laiti yangalikoma huko! Katika zama za Bani Umayya, mshairi mkubwa Jarir alimwona mtu mweusi, al-Hayqutan, amevaa kanzu nyeupe siku ya Idi, akamtungia tusi lisilofaa kuandikwa hapa. Al-Hayqutan hakunyamaza wala hakuikana rangi yake. Alijibu kwa shairi, akamtaja Luqman, na akamtaja Najashi wa Habash aliyeukubali Uislamu hali wafalme wengine wameukataa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, alilihifadhi jibu hilo katika risala yake juu ya fahari ya watu weusi. Tusi lilitoka kinywani mwa Mwislamu, siku ya Idi, na shairi hilo lashuhudia hivyo hata leo.

Lakini shairi humnyamazisha mwenye kutukana. Moyo wake hausafiki mpaka mwenyewe atake. Sahaba Abu Dharr (R.A.) alipomwaibisha mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake.  Baadaye watu walimwona Abu Dharr na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja.

Jarir aliicheka kanzu ya mtu mweusi. Abu Dharr alimvika mtumwa wake kama alivyovaa yeye. Wazazi wenzangu, watoto wetu watamfuata yupi? Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwisha kutufundisha kuwa mbora wetu ni mcha Mungu zaidi. Tulitupe jina lile nje ya nyumba zetu kabla mtoto hajalichukua kwenda nalo chuoni.

Wabillahi taufiq.