Programu za Majaribio na Daftari la Bohari

Miongoni mwetu tutumiao mfumo endeshi wa Linux katika vyuo vya hapa Dodoma pana mabishano ya siku nyingi: je, yafaa mwanafunzi aruhusiwe kuweka programu ambayo ingali katika majaribio ndani ya kompyuta inayotegemewa kwa kazi? Wako wasemao hapana kabisa. Wako pia, hasa vijana, waonao kwamba chochote kitolewacho leo sharti kionjwe leo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea.

Katika Debian, na katika jamaa yake Ubuntu, kila programu hufungwa katika kifurushi chenye maelezo ya vitu inavyovitegemea. Dpkg, iliyoanza kuandikwa mwaka 1994, ndiyo iwekayo mafaili mahali pake na kuandika katika daftari lake kila kilichoingia. Juu yake iko apt, ambayo kazi yake ni ya karani: kutafuta bohari ipi ina kifurushi kipi, na kipi chahitaji kipi. Mtunza bohari yeyote ajua kwamba mtu akiingia usiku akabadilisha magunia bila kuandika, daftari halina maana tena hata kama ghala limejaa. Ndivyo ilivyo amri ya make install inapotolewa kwa mamlaka ya msimamizi na kuelekezwa katika saraka ya /usr. Mafaili mapya hufunika ya zamani, dpkg haina habari, na matokeo yake huonekana siku ya kusasisha mfumo, wakati aliyefanya hivyo amekwisha kusahau.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu, aliyekuwa akichora ramani ya visima vya maji katika uwanda huu, alitaka toleo la majaribio la QGIS. Ruhusa nilimpa mimi. Aliongeza bohari ya toleo la mfumo lililo jipya kuliko letu, na apt ikamwonyesha orodha ndefu ya vifurushi ambavyo vingeondolewa. Hakuisoma, akabonyeza Y. Pamoja na QGIS iliingia libc mpya, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea, na kwa kuwa apt haikubuniwa kurudi nyuma, hapakuwa na njia nyepesi ya kuiondoa. Kwa haraka zetu tukaifuta kompyuta na kuweka mfumo upya. Ramani zilipona, maana zilikuwa na nakala katika diski nyingine. Vipimo vya wiki mbili havikupona, na kijana akarudi Bahi na Chamwino kupima tena katika jua la Oktoba.

Njia salama zilikuwapo. Bohari ya backports ina programu mpya zilizofungwa upya kwa ajili ya toleo imara. Apt huipa uzito wa 100, ilhali bohari za kawaida zina 500. Ile iitwayo experimental hupewa uzito wa 1, hivyo hakuna kitakachotoka huko pasipo kuombwa. Kisichopatikana humo na kiwekwe katika saraka yake chini ya /opt, au ndani ya mashine pepe, au kiletwe kwa Flatpak, ambayo huja na maktaba zake yenyewe. Flatpak ina gharama: hupakua mengi, na anunuaye kifurushi cha intaneti (si kile cha dpkg, bali cha simu) huisikia mfukoni. Kwa Python, yapo mazingira ya pekee. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip hukataa kuandika katika eneo la mfumo. Wengi walinung'unika. Mimi nilifurahi. Aidha, amri ya apt-get ikipewa alama ya -s huigiza tu bila kugusa kitu, na orodha ile ndefu ingesomwa kwa utulivu.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaokataza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyozungumza Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kungoja. Kosa la tafsiri, au programu inayokwama mtandao ukiwa wa polepole, mtu wa Berlin hataliona; na toleo imara la Debian hutoka takriban kila baada ya miaka miwili. Asiyejaribu mapema hungoja zamu nyingine.

Hapa Dodoma kituo cha utafiti cha Makutupora kina mashamba yake ya kujaribia mizabibu, na mkulima haombwi kung'oa shamba lake zima kwa ajili ya aina asiyoijua. Maabara zetu nazo zingetenga kompyuta mbili kuukuu kwa kazi hiyo, zisizo na data ya mtu, na nakala ya diski zake ikae kabatini.